Nani asimamishe shoo? Njia tatu za msanii kubeba usalama wa mashabiki wake

Msanii anapotoka kwenye kumbi za watu mia tano na kuanza kujaza viwanja, kuna swali ambalo mara nyingi huachwa mpaka mkataba umeshasainiwa: mashabiki wakianza kubanana, wajibu wake unaanzia wapi? Wapo wanaosema kazi yake ni kuimba, na mengine yote ni ya promota aliyeuza tiketi. Wapo wanaosema mwenye maiki ndiye mwenye umati, hivyo akiona mambo yanaharibika asimamishe mwenyewe bila kusubiri ruhusa. Na lipo kundi la tatu linalotaka mambo yaandikwe mapema: nani anaangalia umati, nani anaamua, na uamuzi huo unamfikiaje mtu aliye katikati ya wimbo.

Ulinganisho huu ni kwa meneja, kiongozi wa bendi au msanii mwenyewe ambaye bado hajaamua ashike ipi. Zote tatu zimewahi kutumika kwenye matamasha makubwa, na zote zimewahi kushindwa.

Kinachoua, kabla ya yote

Wengi hudhani watu hukanyagwa. Lakini wanaofariki kwenye misongamano ya matamasha mara nyingi hufa wakiwa wamesimama au wameangukiana, vifua vimebanwa mpaka mapafu hayana nafasi ya kupanuka. Mtu aliyebanwa hivyo hapigi kelele, kwa kuwa kelele inahitaji pumzi. Ndiyo maana dakika mbaya kuliko zote zinaweza kuonekana za kawaida kwa mtu aliye mbali.

Watu wanne katika mita moja ya mraba bado wanaweza kugeuka na kusogea. Mwongozo wa viwanja vya michezo wa Uingereza unaweka kikomo cha watu 47 kwa kila mita 10 za mraba kwenye maeneo ya kusimama. Wakifika sita au saba kwa mita moja, mtu hana tena uamuzi juu ya mwili wake. Umati unasukumika kama maji, na msukumo mdogo ulioanzia nyuma unafika mbele ukiwa na nguvu ya kupinda vyuma vya uzio.

Kwa hiyo vigezo vya kulinganishia ni hivi: njia ipi ina macho ya kuona hatari ilipo, ni kwa kasi gani muziki unaweza kuzimwa, sauti ya nani umati utaitii, gharama ni kiasi gani, na lawama ya kisheria itamwangukia nani. Kigezo cha kwanza na cha pili ndivyo ningevipa uzito mkubwa kuliko vyote, na nitakaa navyo zaidi.

Njia ya kwanza: promota abebe, msanii aimbe

*Macho.* Hapa ndipo njia hii ina nguvu. Promota ana kamera, ana walinzi langoni, na anajua ni tiketi ngapi zimeshaingia na ngapi bado ziko nje. Maafa mengine hayatokei mbele ya jukwaa kabisa. Tarehe 3 Desemba 1979, watu 11 walikufa nje ya ukumbi wa Riverfront Coliseum mjini Cincinnati kabla ya shoo ya bendi ya The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti, milango iliyofunguliwa ilikuwa michache, na waliokuwa nje waliposikia muziki kutoka ndani wakadhani shoo imeanza, wakasukuma. Bendi iliimba mpaka mwisho bila kujua. Iliambiwa ilipotoka jukwaani. Desemba 2022 huko London, msongamano uliowaua watu wawili kwenye shoo ya mwimbaji Asake pale ukumbi wa Brixton Academy ulikuwa sehemu ya kuingilia. Hakuna mwimbaji duniani anayeona mlango wa mbele akiwa jukwaani.

*Kasi.* Hapa ndipo penye udhaifu. Promota ana sababu nyingi za kusita: pesa za kurudisha, jina lake, na ile hofu ya zamani kwamba ukizima muziki ghafla watu watataharuki. Kwenye tamasha la muziki la Love Parade mjini Duisburg, Ujerumani, tarehe 24 Julai 2010, watu 21 walikufa kwenye njia ya kuingilia iliyopitia handaki, na muziki uliachwa uendelee kwa sababu wahusika waliogopa kuzua taharuki. Wanaochunguza tabia za umati wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba taharuki ya namna hiyo ni nadra kuliko inavyodhaniwa, na kwamba watu wakipewa taarifa ya wazi husaidiana. Lakini hofu hiyo ingali vichwani mwa waandaaji wengi.

*Sauti.* Ndogo. Tangazo la mtu asiyejulikana katikati ya shoo huzomewa au halisikiki.

*Gharama.* Ni nafuu kuliko zote kwa upande wa msanii, kwani kila kitu kiko kwenye bajeti ya mwandaaji.

*Lawama.* Kwenye karatasi, msanii yuko salama hapa kuliko kwingine. Ila karatasi hiyo humlinda tu pale ambapo kweli hakuwa na mkono kwenye uandaaji, jambo nitakalolirudia.

Inamfaa msanii mgeni kwenye tamasha la watu wengine, anayepanda kwa dakika arobaini na kushuka, kwenye ukumbi wenye viti vyenye namba na mwandaaji mwenye rekodi nzuri. Haimfai yule ambaye mashabiki wake wanajulikana kwa kurukaruka na kusukumana. Anawajua kuliko promota yeyote, na kukaa kimya kuhusu jambo unalolijua ni uamuzi pia.

Njia ya pili: mwenye maiki asimamishe mwenyewe

*Macho.* Watu wengi wanaolaumu wasanii mtandaoni hawajawahi kusimama pale juu. Taa kubwa zinamulika usoni, na nyuma ya safu chache za mbele ni giza. Masikioni amevaa vipokea sauti vinavyozuia kelele za nje: anachosikia ni sauti yake, ngoma, na mdundo wa kuhesabia. Maiki za kumletea kelele za umati huwa zipo, lakini mngurumo wa watu elfu hamsini wanaofurahi na wa watu elfu hamsini ambao mia mbili kati yao wanakata roho unafanana sana.

Hata hivyo kuna dalili ambazo jukwaani zinaonekana kuliko mahali pengine popote, na msanii anayefuata njia hii lazima azijue. Walinzi wakianza kuvuta watu juu ya uzio mmoja baada ya mwingine bila kupumzika, hiyo ni dalili. Umati ukiyumba wote kwa pamoja kushoto na kulia kinyume na mdundo wa wimbo, watu hawachezi tena, wanasukumwa. Mashabiki wa mbele wakiinua nyuso juu kutafuta hewa badala ya kumtazama yeye, au wakimpa mgongo, hali ni mbaya. Na pakitokea shimo ghafla katikati ya watu waliobanana, ujue kuna walioanguka, na wengine wataangukia juu yao.

*Kasi.* Hakuna njia ya haraka kuliko hii, kwa hatari ambayo msanii ameiona. Mkono mmoja juu, bendi inanyamaza.

*Sauti.* Hapa haina mpinzani. Watu wamekuja kwa ajili yake. Akisema wakae chini wengi watakaa. Lakini namna ya kusema ina uzito. Kosa la kawaida ni kuwaambia walio mbele warudi nyuma, ilhali hao ndio wasioweza kusogea hata kidogo. Wanaopaswa kusogea kwanza ni wa nyuma kabisa. Muziki uzimwe wote, hata ule wa chinichini, taa za ukumbi ziwashwe, kisha maneno machache kwa sauti tulivu: "Tunasimama kidogo, shoo itaendelea. Mliopo nyuma kabisa, pale kwenye minara ya spika, rudini hatua tatu. Sasa hivi. Mkimaliza inueni mikono nione." Halafu anasubiri. Anabaki jukwaani. Akiondoka, watu watasogea mbele kuona kulikoni.

Na bado kuna nyakati ambapo hili halitoshi. Kwenye tamasha la Roskilde, Denmark, tarehe 30 Juni 2000, Eddie Vedder, mwimbaji wa bendi ya Pearl Jam, alisimamisha shoo na kuwaomba watu warudi hatua tatu. Watu 9 walikufa. Taarifa ilikuwa imechelewa kumfikia, na waliokuwa chini walikuwa wameshakuwa chini. Donington Park, Uingereza, mwaka 1988, bendi ya Guns N' Roses nayo ilisimama na kuwaomba watu warudi nyuma. Mashabiki wawili walipoteza maisha. Wasanii hawa walifanya kile ambacho umma hutaka wasanii wafanye. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia mapema.

*Gharama.* Pesa hakuna. Gharama yake ni ya kichwani: unamtaka mtu aimbe, acheze, akumbuke maneno, na wakati huohuo awe mlinzi. Wapo wanaoweza. Wengi hawawezi, na si aibu.

*Lawama.* Ina makali kuwili. Mahakama inaweza kuona umechukua tahadhari, lakini pia inaweza kuuliza kwa nini ulisimamisha mara ya kwanza na ya pili, kisha mara ya tatu ukaendelea.

Inamfaa mwimbaji mzoefu, wa shoo za mazungumzo mengi na mashabiki, kwenye kumbi ambazo anawaona watu mpaka nyuma. Anayetumia jukwaa lenye moshi, fataki na mtiririko wa video uliopangwa kwa sekunde asiitegemee peke yake, maana macho yake yameshafungwa na shoo yake mwenyewe.

Njia ya tatu: kuandikiana kabla

Hapa usalama unaingizwa kwenye masharti ya msanii, karatasi ileile inayosema kuhusu vyumba vya kubadilishia nguo na aina ya maji ya kunywa. Wengi huiita raida. Inasema idadi ya mwisho ya watu kwenye eneo la kusimama, uzio wa pili wa kugawa umati, maji ya bure mbele ya jukwaa, na zaidi ya yote jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha shoo.

*Macho.* Yanagawanywa. Mtu wa msanii anakaa chumba cha kamera pamoja na wa promota, na mwingine anasimama kwenye nafasi kati ya uzio na jukwaa, pale ambapo mtu anaweza kuona nyuso na kuhisi uzio ukitikisika kwa mkono wake. Huyu wa uzio ni muhimu kuliko kamera yoyote.

*Kasi.* Inategemea waya mmoja. Mtu mwenye mamlaka awe na maiki inayoingia moja kwa moja masikioni mwa msanii, bila kupitia kwa meneja, bila kumkimbilia fundi mitambo, bila karatasi kupitishwa kwa mpiga gita. Neno la siri la kusimama likubaliwe mapema na lijaribiwe wakati wa kupima sauti. Msanii akilisikia, anamaliza mstari aliopo, si wimbo mzima.

Tatizo la njia hii ni kwamba inaweza kuandikwa vizuri na isifanye kazi. Kwenye tamasha la Astroworld mjini Houston, tarehe 5 Novemba 2021, mpango ulikuwepo, na ulisema watu wawili tu ndio wenye uwezo wa kusimamisha shoo. Saa 3:38 usiku mamlaka za mji zilitangaza kuwa ni tukio la majeruhi wengi. Rapa Travis Scott, mwenye shoo, ambaye tayari alikuwa amesitisha mara kadhaa kwa sababu ya mashabiki waliozirai, aliendelea kuimba mpaka baada ya saa nne. Watu 10 walikufa, mdogo wao akiwa na umri wa miaka 9, na wengi wao walikuwa katika eneo moja lililozungukwa na uzio pande tatu. Alisema baadaye kwamba hakujua. Mpango wenye majina mawili usiofika kwenye sikio la mwimbaji ni kama haupo.

Upande wa pili ni hatari ya majina mengi mno. Tarehe 13 Agosti 2011, upepo ulibomoa jukwaa la maonyesho ya jimbo la Indiana kabla kundi la Sugarland halijapanda, na watu 7 wakafa. Baadaye ulizuka mvutano mrefu kuhusu nani alitaka shoo icheleweshwe na nani alitaka iendelee. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Jina liwe moja.

*Sauti.* Inabaki ya msanii, lakini sasa anasoma maneno yaliyoandaliwa, hatungi papo hapo.

*Gharama.* Ndiyo ghali kuliko zote. Mshahara wa mtu wa usalama anayesafiri na ziara, uzio wa ziada, na tiketi ambazo hazitauzwa kwa kuwa eneo limepunguzwa. Promota atalalamika, na kwa msanii anayeanza atalalamika kwa kumtafuta mwingine. Hili si jambo dogo, na wanaoandika miongozo ya usalama hulisahau: masharti yanaheshimiwa kulingana na ukubwa wa jina lililo juu ya karatasi.

*Lawama.* Maandishi yanaonyesha ulijali. Yanaonyesha pia ulijua. Ukiweka sharti la uzio wa pili, ukafika ukakuta haupo, ukapanda hivyohivyo, karatasi yako mwenyewe itasomwa dhidi yako.

Inamfaa msanii mwenye ziara ya viwanja, anayeuza maeneo makubwa ya kusimama, na mwenye jina linalompa nguvu ya kusema hapana.

Mahakama zimesemaje

Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo muulize wakili wa mahali utakapoimba. Lakini kesi zilizopita zinaonyesha mwelekeo: kadiri unavyoshiriki kuandaa, ndivyo mkono wa sheria unavyokufikia.

Houston, baraza la raia linaloamua kama kuna kesi ya jinai lilikataa kumshtaki Scott mwezi Juni 2023. Kesi za madai za familia za waliokufa zilimalizwa kwa makubaliano. Buenos Aires ilikuwa tofauti. Moto wa klabu ya República Cromañón, tarehe 30 Desemba 2004, uliwaua watu 194. Fataki iliwashwa na mtu katika umati, si bendi, lakini wanamuziki wa Callejeros, bendi iliyokuwa ikipiga, hatimaye walitiwa hatiani na kufungwa, kwa kuwa walionekana kuwa sehemu ya waandaaji. Na Rhode Island, Februari 2003, aliyewasha fataki ndani ya klabu ya The Station alikuwa meneja wa ziara wa bendi ya Great White. Moto uliozuka uliua watu 100, naye akafungwa. Kwa hiyo kinacholetwa jukwaani na watu wako ni chako, hata ukiwa umechagua njia ya kwanza.

Vivyo hivyo maneno. Baada ya msichana mmoja kufariki kwa kubanwa kwenye shoo ya bendi ya Limp Bizkit katika tamasha la Big Day Out mjini Sydney, mwaka 2001, hakimu aliyechunguza kifo hicho aliwakosoa waandaaji, na hakumwacha mwimbaji wa bendi hiyo, Fred Durst, kwa maneno aliyosema akiwa jukwaani. Msanii anayewaita watu waruke uzio waje mbele ameshatoka kwenye njia zote tatu.

Ukiwa katika hali hii, fikiria hivi

Kama unaalikwa kwenye tamasha la wasanii wengi, njia ya kwanza inatosha, pamoja na maswali mawili kabla ya kupanda: nani ana mamlaka ya kusimamisha, na atanifikiaje? Uliza pia jukwaa la pili linamaliza saa ngapi. Watu wakitoka kule wote kwa mpigo kuja kwako, watakukuta katikati ya wimbo wako mkubwa.

Kama ni ziara yako ya kumbi za kati, changanya ya kwanza na ya pili. Fanya mazoezi ya kusimama pamoja na bendi na fundi taa, maana mpiga ngoma asiyejua ishara ataendelea kupiga na umati utadhani ni mbwembwe.

Kama tamasha lina jina lako, au unapata mgao wa tiketi, hesabu kwamba wewe ni mwandaaji. Njia ya tatu hapo inakuwa kama lazima, na ya pili ibaki kama akiba.

Kama huna nguvu ya kudai masharti yote, dai machache: maji, mtu mmoja wa kwako kwenye uzio, na ile maiki ya masikioni. Joto nalo huua. Novemba 2023 huko Rio de Janeiro shabiki alifariki kwenye shoo ya Taylor Swift katika siku za joto kali, na serikali ya Brazil ikaagiza watu waruhusiwe kuingia na maji yao. Shoo ya siku iliyofuata iliahirishwa.

Na kama mashabiki wako wamezoea kurukaruka na hutaki kuwaondolea hilo, gawanya eneo la mbele kwa uzio na uweke idadi ya mwisho kwa kila sehemu, kama Roskilde walivyofanya baada ya mwaka 2000. Wanaoruka wataruka bila msukumo wa uwanja mzima mgongoni mwao.